Maisha ya Sayyidna Abu Huraira na Paka Wake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Sahaba huyu watu wote wanamjua kwa lakabu yake, na wachache wanalijua jina lake. Kabla ya kusilimu akiitwa Abdu Shams, yaani mja wa jua. Aliposilimu akawa Abdulrahman bin Sakhr, kwa kauli iliyo mashuhuri. Kabila lake ni Daus, watu wa upande wa Yaman. Alikulia katika uyatima na ufukara, akamtumikia Bibi Busra binti Ghazwan kwa ujira wa kushibisha tumbo lake tu.

Alikuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake, naye ana paka mdogo. Mchana humchukua akacheza naye, na usiku humweka juu ya mti. Watu walipoiona hali hiyo wakamwita Abu Huraira, maana yake baba wa paka mdogo. Khabari hii ameipokea Imamu Tirmidhi. Mchungaji yule hakuwa na mali, wala hakutazamia faida kwa mnyama wake. Na lakabu ile ikalishinda jina lake la asili.

Mwaka 7 Hijriya, yaani 628, wakati wa vita vya Khaibar, alimfikia Bwana Mtume (s.a.w.). Hakuwa na nyumba Madina, akakaa katika Suffa, kipenu cha msikiti wa Mtume kilichokuwa makao ya maskini. Akifunga jiwe tumboni kwa njaa, na mara nyingine akianguka karibu na mimbari, watu wakimdhani mwenye wazimu, kumbe ni njaa. Siku moja Mtume aliletewa bakuli la maziwa, akamwamrisha awaite watu wa Suffa wote. Abu Huraira alikhofu kuwa hatasaza kitu. Lakini wote walikunywa wakashiba, kisha akanywa yeye mpaka hakuwa na pa kuyatia, na Mtume akanywa mwisho. Basi yule aliyempa paka makao, naye alipewa makao, akaijua ladha ya njaa na ya kuondolewa njaa.

Zimehesabiwa hadithi 5374 zilizopokewa kwake. Miongoni mwazo imo khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi, mpaka akafa. Imo na khabari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake ampe mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mwanamke yule hakuadhibiwa kwa kufuga, bali kwa kufunga na kusahau.

Kwa hiyo wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha; akishindwa, amwondoe mkononi mwake. Na paka ni tohara, mabaki ya maji aliyokunywa hayana najisi, kwani ni katika wazungukao majumbani. Sultani Baibars wa Misri, aliyefariki 1277, yasimuliwa kuwa aliweka bustani waqfu katika Cairo kwa ajili ya chakula cha paka.

Abu Huraira aliishi mpaka akawa liwali wa Bahrain kwa amri ya Sayyidna Umar, na baadaye akashika mahali pa liwali wa Madina. Ukubwa haukumwondolea lakabu yake ya uchungaji. Alifariki mwaka 57 Hijriya, na wengine wamesema 58 au 59, yaani baina ya 676 na 679, akazikwa Baqii.

Leo katika miji mingi yako majumba ya kuwahifadhi paka waliotupwa, na mtu huenda akamtwaa mmoja akamlee kwake. Atendaye hivyo amejitwika amana. Furaha ya siku ya kwanza si kitu. Hesabu ni ya chakula cha kila siku, na maji, na mlango usiofungwa juu ya mwenye njaa. Mwenye kuliweza hilo na achukue, na asiyeliweza na aache, kwani yule mwanamke naye alianza kwa kumtia paka nyumbani.