Festo Kivengere: Askofu aliyetumwa jikoni kuomba radhi

Ukiwa kijana wa Kibera au Kawangware, unajifunza mapema kujitegemea. Saa kumi na moja asubuhi uko njiani, unafuata reli kuelekea Industrial Area, au unapanda Lavington kutafuta kibarua cha mjengo. Ukipata, ni jasho lako. Ukikosa, ni shida yako. Pole pole unaanza kuamini kwamba kila kitu maishani ni nguvu zako mwenyewe. Ndiyo maana mkikosana na mtu kwenye ploti, unamkazia tu. Aje yeye kwanza.

Basi sikiza habari za Festo Kivengere, mhubiri wa Uganda aliyefariki hapa Nairobi mwaka wa 1988. Huyu alikuwa na sababu nyingi za kujivuna kuliko wewe na mimi.

Alizaliwa mwaka wa 1919 kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa kifalme. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akasoma hadi akawa mwalimu. Siku hizo, mwalimu alikuwa mtu mkubwa kijijini. Festo alikuwa na heshima na mshahara, na pombe hakuikosa. Mambo ya Mungu aliyaona kama ya watu wasio na elimu.

Mapema miaka ya 1940, uamsho wa kidini ulikuwa umewasha moto Rwanda na Uganda. Watu walikuwa wakitubu hadharani, wakirudisha walichoiba, wakiombana msamaha. Siku moja, akitoka kulewa, Festo alikutana njiani na rafiki yake aliyekuwa ameokoka muda mfupi tu uliopita. Rafiki huyo hakumhubiria. Alimwomba msamaha kwa makosa aliyomtendea, akaenda zake. Festo alibaki amekosa amani, na usiku huo akapiga magoti chumbani mwake.

Hebu angalia alichofanya baadaye. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia sana. Enzi hizo za ukoloni, kumchukia Mzungu hakukuhitaji maelezo marefu. Lakini Festo alipanda baiskeli, akasafiri maili zipatazo 50, akamweleza mtu huyo kwamba amekuwa akimchukia na sasa anaomba msamaha. Fikiria maili zote hizo, na kila kona ingeweza kukupa kisingizio cha kugeuza baiskeli.

Usidhani kiburi kilikufa siku hiyo. Katika miaka ya 1940 alihamia Dodoma, Tanganyika, na mkewe Mera, akafundisha shule huko huku akihubiri. Ipo habari moja aliyopenda kuisimulia mwenyewe. Walikuwa wamekosana nyumbani, naye saa ya kuhubiri ilikuwa imekaribia. Akabeba Biblia kutoka. Moyoni akasikia Roho akimwambia arudi akapatane na mkewe kwanza. Festo akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Jibu likaja kwamba anaweza kwenda tu, ila aende peke yake, kwa sababu Mungu anabaki nyumbani na Mera. Ikabidi arudi jikoni kuomba radhi, ndipo akaenda kuhubiri.

Jina lake lilizidi kukua. Mwaka wa 1960 alimtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili mjini Moshi, mbele ya umati mkubwa. Mwaka wa 1972 akawa Askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin tayari anatawala Uganda.

Februari 1973, wanaume watatu walipelekwa katika uwanja wa Kabale kupigwa risasi mbele ya umma. Festo aliruhusiwa kuzungumza nao, akawaendea bila kujua atasema nini. Kumbe hakuhitaji maneno. Wale watu walikuwa wameshampa Mungu maisha yao gerezani, na wao ndio waliomtia moyo askofu.

Miaka minne baadaye, yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kupinga mauaji ya serikali. Siku chache tu zikapita, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, Februari 16, 1977. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Festo na Mera walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Ukoo wa kifalme na cheo cha uaskofu havikumsaidia kitu gizani pale.

Uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki kwa Amin. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, alikumbuka jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akaona hana nguvu za kumsamehe Amin, akaomba apewe. Mwaka huo huo wa 1977 akachapisha kitabu alichokiita I Love Idi Amin. Wengi walikasirika. Lakini kusamehe hakukumfanya anyamaze, kwani aliendelea kuutangazia ulimwengu maovu ya utawala ule. Amin alipong'olewa mwaka wa 1979, Festo alirudi nyumbani kuwahudumia watu wake, hadi saratani ya damu ilipomchukua Mei 18, 1988.

Kumtegemea Mungu hakukumfanya Festo mvivu. Alifundisha, alisafiri, aliandika. Alichoacha ni ile tabia ya kutaka kuwa na haki kila wakati.

Kesho utaamka mapema tena, na ni vizuri. Jitume. Lakini kuna mtu unayempita kila siku kwenye mfereji wa maji bila salamu, na nguvu zako zote hazijawahi kukufikisha mlangoni kwake. Mwombe Mungu akupe hizo zinazopungua, kisha ubishe hodi.