LETA HOLLINGWORTH, DAKTARI ASIYETUMIA SINDANO

Mkimwuliza mwanafunzi yeyote humu shuleni daktari ni nani, atawaambia ni yule wa sindano na dawa chungu. Daktari ninayewasimulia leo hakuwa wa aina hiyo. Yeye alipima akili za watoto na vijana. Tena kwa maoni yangu, jambo lake kubwa kuliko yote ni kutaka kujua huyu anayempima mtoto na kumwita punguani amefunzwa wapi, na nani.

Leta Stetter alizaliwa tarehe 25 Mei 1886 karibu na mji wa Chadron, jimbo la Nebraska, Marekani. Mamake alifariki Leta akiwa angali mdogo sana. Akalelewa na babu na nyanya, kisha akachukuliwa na babake aliyekuwa ameoa tena, na kwa mama wa kambo maisha hayakuwa matamu. Akiwa na miaka 16 tu aliingia Chuo Kikuu cha Nebraska. Akahitimu mwaka wa 1906, akawa mwalimu wa sekondari.

Mwaka wa 1908 akaenda New York kuolewa na Harry Hollingworth, kijana waliyejuana chuoni. Alidhani ataendelea kufundisha. Wapi! Shule za jiji hilo wakati ule hazikumwajiri mwanamke aliyeolewa. Eti ukishavaa pete, chaki uiweke chini. Mwalimu mzima akabaki kupika, kushona na kufua. Alijaribu kuandika hadithi fupi auze, hazikununuliwa. Karo ya kuendelea na masomo nayo hawakuwa nayo.

Mlango ulikuja kufunguliwa na soda. Msicheke! Mwaka wa 1911 kulikuwa na kesi kati ya serikali ya Marekani na kampuni ya Coca-Cola kuhusu kafeini iliyomo katika kinywaji hicho. Kampuni ikamlipa Harry achunguze kafeini humfanya nini mtu. Leta alimsaidia katika majaribio, na pesa hizo zikamlipia karo katika Chuo Kikuu cha Columbia. Shahada ya uzamili akaipata mwaka wa 1913.

Hapa ndipo penye utamu. Mwaka huo huo alipata kibarua cha kuwapima watu waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, akitumia jaribio la Binet, yale maswali yaliyobuniwa Ufaransa. Mwaka wa 1914 jiji likatoa mtihani kwa waliotaka kazi ya mwanasaikolojia. Leta akawa nambari moja, akaajiriwa. Basi akawa na kazi mkononi na masomo ya udaktari mgongoni, chini ya Profesa Edward Thorndike. Watu wa zama hizo waliamini kwamba mwanamke akiwa katika hedhi, akili yake hudhoofika. Leta aliwapima wanawake 23 na wanaume wawili kwa muda mrefu, asiuone udhaifu huo. Utafiti huo ndio uliompa shahada ya Daktari wa Falsafa mwaka wa 1916.

Lakini kule kazini ndiko alikoona mengi. Wengi walioletwa kwake kama punguani hawakuwa punguani hata kidogo! Walikuwa vijana wenye akili timamu waliolemewa na shida za ujana. Hebu fikirini, wenzangu: mtu anakukalisha mezani, anakuuliza maswali, anajaza fomu, na fomu ile inaweza kukufanya ufungiwe katika taasisi miaka na miaka. Na nani alikuwa akiijaza? Baadhi yao walikuwa walimu waliofunzwa jaribio la Binet katika kozi fupi za likizo, basi. Wapo pia waliokuwa na udaktari wa falsafa lakini wamezoea maabara kuliko watoto.

Mwaka wa 1917 Leta alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanasaikolojia wa aina yake. Mwaka uliofuata akaandika makala akipendekeza shahada mpya kabisa, Daktari wa Saikolojia, kwa ajili ya wale wanaotaka kufanya kazi na watu. Mwanafunzi asome nadharia, halafu akae chini ya mjuzi na kujifunza kazi kwa kuifanya. Si ajabu, kwani yeye mwenyewe alikuwa ameipita njia hiyo kwa miguu yake.

Wakubwa hawakuifuata. Mafunzo ya kwanza ya shahada ya namna hiyo yalianza mwaka wa 1968 katika Chuo Kikuu cha Illinois, nusu karne baadaye. Leta hakuyaona.

Yeye tangu 1916 alikuwa akifundisha katika Teachers College, chuo cha ualimu cha Columbia, na mwaka wa 1929 akawa profesa kamili. Mwaka wa 1928 alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya vijana. Mwaka wa 1936 shule ya Speyer ilifunguliwa chini ya uongozi wake, wenye vipaji na wanaojifunza polepole wakiwa chini ya paa moja. Saratani ilimwua tarehe 27 Novemba 1939, akiwa na miaka 53. Aliacha kitabu hakijakamilika, juu ya watoto ambao kiwango chao cha akili kilizidi 180. Mumewe akakimaliza, kikatoka mwaka wa 1942. Kwa miaka 23 ya kuwatafuta, Leta alikuwa amewapata watoto 12 tu.