Frank Bellamy: Mchoraji wa Uingereza aliyeipaka rangi savana ya Afrika Mashariki

Kwa karibu miongo miwili, watoto na watu wazima nchini Uingereza walifuatilia historia, vita na safari za angani kupitia michoro ya Frank Bellamy. Wasomaji walihesabiwa kwa malaki, lakini kurasa alizozipaka rangi kwa mkono wake zilikuwa na hatima tofauti.

Frank Bellamy alizaliwa lini na wapi?

Alizaliwa tarehe 21 Mei mwaka 1917 mjini Kettering, England. Akiwa kijana alifanya kazi katika studio ya matangazo ya biashara mjini humo, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi. Baada ya vita alihamia London, na katika miaka ya 1950 akageukia hadithi za picha.

Alijulikana kwa lipi?

Mwaka 1957 jarida la Eagle lilimpa kazi ya kuchora maisha ya Winston Churchill, aliyekuwa bado hai. Baadaye alichora maisha ya Mfalme Daudi, Marco Polo na kamanda wa jeshi Bernard Montgomery. Mwaka 1962 alianza Heros the Spartan, hadithi ya zama za Warumi iliyoenea kurasa mbili za katikati ya jarida. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo nchini Marekani mwaka 1972.

Alitumia wino wa rangi, na mara nyingi aliyavunja masanduku ya kawaida ya katuni ili vita au ndege ijaze ukurasa mzima.

Anahusiana vipi na Afrika Mashariki?

Kati ya mwaka 1960 na 1961 alichora Fraser of Africa, hadithi ya mwindaji wa kizungu katika Afrika Mashariki. Bellamy aliipenda sana Afrika. Alipunguza rangi, akabakiza zaidi kahawia na manjano, hadi msomaji akaona nyika iliyounguzwa na jua. Hata hivyo shujaa alibaki kuwa mzungu mwenye bunduki, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru wake wa Desemba 1961. Uzuri wa michoro hauufuti mtazamo huo wa kikoloni.

Michoro yake ilikuwa mali ya nani?

Wachapishaji wengi wa Uingereza enzi hizo waliuhesabu mchoro uliokwishalipiwa kuwa mali ya kampuni. Bellamy aliyaona hayo kwa karibu: mwaka 1959 alikabidhiwa Dan Dare, mhusika aliyebuniwa na Frank Hampson, ambaye hakuwa na haki miliki juu yake. Michoro mingi ya kipindi hicho ilipotea, ikatupwa au kugawiwa. Iliyosalia leo inauzwa kwenye minada na kuhifadhiwa na wakusanyaji.

Alifariki vipi?

Bellamy alifariki ghafla tarehe 5 Julai mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 59. Hadi wakati huo alikuwa bado akichora Garth, katuni ya gazeti la Daily Mirror aliyoianza mwaka 1971. Mchoraji mwingine aliiendeleza baada yake.