Russell, mhandisi aliyelifuata wimbi kwa farasi

Wakazi wa Kitengela na Kajiado walioshuhudia mafuriko ya mwaka wa 2024 wanafahamu jinsi maji yasiyo na kina kirefu yanavyoweza kumpita mtu mbio. Mwendo huo ulimshughulisha sana John Scott Russell, mhandisi aliyezaliwa Scotland mnamo 1808.

Agosti 1834, mashua iliyokokotwa na farasi kwenye mfereji karibu na Edinburgh ilisimama ghafla. Mbele yake likachomoka wimbi moja laini, lisilovunjika. Russell alipanda farasi akalifuata kwa kilomita mbili hivi, likienda takriban kilomita 13 kwa saa.

Baadaye alijenga tangi akabaini kwamba kasi hutegemea kina cha maji, kikijumlishwa na kimo cha wimbi lenyewe. Jumla hiyo ikiwa mita moja tu, wimbi husafiri kilomita 11 kwa saa. Ikiwa mita nne, kasi huwa maradufu.

Mnajimu mashuhuri George Airy alimpinga. Ilipita miaka 37 kabla ya Mfaransa Boussinesq kumuunga mkono kwa hesabu, mwaka wa 1871. Wakati huo Russell, mjenzi wa meli kubwa Great Eastern, alikuwa amekwisha kufilisika. Alifariki mnamo 1882.