Maisha ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe

Hakuna mwanafunzi katika shule hii asiyelijua jina la Mkwawa. Tunalisoma katika vitabu vya historia, tunalisikia katika nyimbo, na wapitao Iringa huoneshwa njia iendayo Kalenga. Lakini kulijua jina ni jambo moja, na kuyajua maisha ya mtu ni jambo jingine. Ndiyo maana Klabu ya Huduma kwa Jamii, ambayo mimi ni katibu wake, ilimwalika mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aje atuzungumzie habari za vita vilivyopiganwa katika nchi za nyanda za juu kabla babu zetu hawajazaliwa. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wasomaji mambo tuliyojifunza, nami nimeongeza machache niliyoyapata katika maktaba ya shule.

Jina lake kamili lilikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa mnamo mwaka 1855 huko Luhota, katika nchi ya Uhehe. Siku zile Wahehe hawakuwa bado watu wa utawala mmoja. Walikuwa koo nyingi, kila ukoo na mkubwa wake na vilima vyake. Munyigumba ndiye aliyezikusanya koo hizo, nyingine kwa mapatano na nyingine kwa mkuki, hata zikawa chini ya mtawala mmoja aliyeitwa Mtwa. Basi Mkwawa hakuanza na jangwa. Aliikuta nyumba imekwisha kujengwa na baba yake.

Lakini nyumba hiyo ilikaribia kuanguka. Munyigumba alipofariki, mnamo mwaka 1879, mkwewe aitwaye Mwambambe alitaka kuutwaa utawala. Damu ikamwagika ndani ya ukoo wenyewe, na Mkwawa, akiwa kijana, akakimbilia Ugogo. Huko alikaa mpaka wazee wa Uhehe walipomtaka arudi. Aliporudi, Mwambambe naye alikimbia, kisha akaja tena na jeshi la kukodi. Wakapigana mahali palipoitwa baadaye Ilundamatwe, maana yake ni mahali palipokusanywa vichwa. Jina hilo peke yake latosha kutuambia vita ile ilikuwaje. Mwambambe akauawa, na Mkwawa akawa Mtwa wa Uhehe wote.

Sasa tuangalie nguvu zake zilitoka wapi. Mzee wetu alitueleza kwamba jeshi la Wahehe halikuwa kundi la watu waliokimbia ovyo na mikuki. Kila kijana mwenye afya alifundishwa kazi ya vita, na waliwekwa katika vikosi vyenye wakubwa wao. Vikosi vingine vilikaa karibu na Mtwa siku zote, vingine vilikaa vijijini vikingoja kuitwa. Silaha kubwa ilikuwa mkuki na ngao ya ngozi, na bunduki zilikuwa chache. Kule Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, Mkwawa alijenga boma kubwa lililoitwa Lipuli, lenye kuta ndefu na nene za mawe na udongo. Alikuwa ameona na kusikia jinsi watu wa pwani walivyojenga ngome, naye akataka kuwa na yake.

Kwa jeshi hilo aliwapiga Wasangu, akamfukuza mtawala wao Merere katika nchi yake. Aliwasumbua Wabena na Wagogo. Wahehe walikuwa wamekwisha kupigana vikali na Wangoni, hata pande zote mbili zikachoka zikapatana. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilitozwa hongo, na mingine ilinyang'anywa mali. Nayataja haya kwa kusudi, kwa sababu yalizusha mabishano makubwa katika mkutano wetu.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye kwao ni Usangu, alisimama akauliza kwa nini yeye ashangilie jina la mtu aliyewachomea babu zake vijiji na kuchukua ng'ombe wao. Wengine walipiga kelele kumzomea. Mwenyekiti akawanyamazisha. Mzee hakumkemea kijana yule. Alisema kwamba swali lile ni la haki, na kwamba mtu anayetaka kuijua historia ya vita lazima asikilize na upande ulioshindwa. Akatukumbusha kwamba Merere alijiunga na Wajerumani si kwa kuwapenda, bali kwa sababu alikuwa amenyang'anywa nchi. Hivyo ndivyo wageni walivyopata marafiki: waliingia katika nyufa tulizozipasua sisi wenyewe. Nadhani neno hilo liliwagusa wengi, maana kelele hazikurudi tena.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishinda pwani baada ya vita vya Abushiri, vilivyoanza mwaka 1888. Baada ya hapo wakataka njia za misafara ziwe wazi na watawala wa bara wawatii. Mkwawa hakutaka kuwatii. Mwezi wa Julai mwaka 1891 mkuu wa jeshi lao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliondoka Kilwa kwenda Uhehe. Alikuwa na wazungu wenzake wachache, askari zaidi ya 300, wapagazi kiasi cha 170, pamoja na mizinga. Njiani alichoma vijiji. Masimulizi ya Wahehe yanasema kwamba Mkwawa alituma wajumbe kwa ajili ya mapatano, lakini wajumbe hao wakapigwa risasi. Baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo tena.

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, msafara ule ulikuwa ukipita Lugalo, kando ya njia itokayo Iringa kwenda Morogoro. Mahali pale pana mawe na vichaka, na watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, hata msafara ukawa mrefu sana. Wahehe kama 3,000 walikuwa wamejificha. Ishara ilipotolewa waliruka wote kwa pamoja, wakawafikia askari kabla ya wengi wao kuwahi kupiga bunduki. Mzinga haufai kitu adui akiwa amekwisha kukushika mkono. Kwa muda mfupi sana, chini ya nusu saa, kazi ilikuwa imekwisha. Zelewski aliuawa pamoja na wazungu wengine tisa, askari karibu 250 na wapagazi karibu 100. Wahehe nao walipoteza watu wengi, na wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Mizinga na bunduki kama 300 zikaangukia mikononi mwa Mkwawa.

Hapa mzee alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Alituuliza kama twajua jina la mpagazi hata mmoja aliyekufa Lugalo. Majina ya wakubwa wa Kijerumani yamo vitabuni, na mnara wa kuwakumbuka upo palepale Lugalo. Jina la Mkwawa halitasahauliwa. Lakini wale wapagazi waliobeba mizigo ya watu wengine, na askari waliotoka Sudani, Msumbiji na pwani kwa ajili ya mshahara, nao walikuwa watoto wa mtu. Baadhi yetu tuliwaita wasaliti. Yeye alisema kwamba mtu aliyetoka Sudani hakuwa na Uhehe wa kuusaliti, na kwamba mpagazi aliyechukua mzigo apate ujira wa kuwalisha watoto hana tofauti kubwa na vibarua tunaowafahamu. Si lazima kumsifu, lakini si haki kumfuta.

Baada ya Lugalo Mkwawa alijua kuwa watarudi. Aliendelea kuimarisha kuta za Kalenga, na mwaka 1892 watu wake waliishambulia ngome ya Wajerumani huko Kondoa, karibu na Kilosa. Wajerumani walijitayarisha miaka mitatu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka 1894 Gavana von Schele alifika Kalenga na jeshi kubwa na mizinga. Kuta zile zilizowatisha majirani wote hazikuweza kuizuia mizinga. Tarehe 30 Oktoba boma liliingiwa, na watu wakapigana nyumba kwa nyumba. Kalenga ikatekwa, lakini Mkwawa hakukamatwa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ukubwa wa mtu huyu unapoonekana zaidi kuliko pale Lugalo. Kushinda vita kwa siku moja kunahitaji ushujaa, lakini kukaa porini karibu miaka minne bila nyumba, huku ukiwindwa, kunahitaji kitu kingine zaidi. Mwaka 1896 Tom Prince, aliyeitwa Bwana Sakarani, alijenga boma jipya juu ya kilima, na huo ndio ukawa mji wa Iringa, jina litokanalo na neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Wajerumani wakamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakidhani kwamba watu watamfuata. Baada ya miezi miwili tu wakamshuku kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamnyonga, Februari mwaka 1897. Mashamba yalichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, njaa ikaingia. Hata hivyo Mkwawa aliendelea kupata chakula na habari kutoka kwa watu wake. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Fedha hiyo, kwa mtu wa siku zile mwenye njaa, ilikuwa mali isiyohesabika.

Mwishowe alibaki na wafuasi wachache sana, naye alikuwa mgonjwa. Tarehe 19 Julai 1898, kikosi kidogo kilichoongozwa na Sajini Merkl kilifuata nyayo zake hadi Mlambalasi. Waliona watu wawili wamelala kando ya moto, wakapiga risasi. Walipokaribia wakatambua kwamba Mkwawa alikuwa amekwisha kujiua kwa bunduki yake mwenyewe, kuliko kuchukuliwa hai. Umri wake ulikuwa kama miaka 43.

Kichwa chake kilikatwa, na kikapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246 kiliwaamuru Wajerumani walirudishe fuvu la Mkwawa. Fikirini jambo hilo: katika mkataba uliogawa falme na majeshi ya dunia, liliwekwa fuvu la Mtwa wa Uhehe. Lakini amri haikutimizwa kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akachagua fuvu moja kati ya mengi yaliyokuwamo, kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa huko Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lipo Kalenga mpaka leo, katika nyumba ya makumbusho. Wako wataalamu wanaoshuku kama kweli ni lenyewe, kwa kuwa vipimo hivyo peke yake havithibitishi. Mzee alisema kwamba shaka hiyo haipunguzi heshima ya siku ile, kwa sababu waliokusanyika Kalenga walikuja kumpokea mtu wao, si kupima mfupa.

Jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi letu Dar es Salaam, na jina la Mkwawa limepewa chuo kikuu kishiriki kilichoko Iringa. Hayo ni makumbusho ya taifa. Lakini Klabu yetu iliona kuwa iko kazi ndogo inayotufaa sisi. Kwa kawaida kila Jumamosi ya pili tunawachotea maji na kuwapasulia kuni wazee wanaokaa karibu na shule. Tumekata shauri kwamba kuanzia muhula ujao kila kundi litachukua daftari pamoja na shoka na ndoo. Kazi ikiisha tutawaomba wazee watusimulie waliyoyasikia kwa wazazi wao: nani alihamishwa, nani alibeba mizigo ya jeshi, nani alikufa kwa njaa, na katika kabila gani. Yule mwanafunzi wa Usangu amechaguliwa kuwa mtunzaji wa madaftari hayo, na hakuna aliyepinga.

Wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, nanyi mnaweza kutusaidia. Kama nyumbani yuko bibi au babu akumbukaye habari za namna hii, mwambieni mtoto wenu akae naye wakati wa likizo, amsikilize na kuandika. Mkwawa alipata wa kumsimulia kwa sababu alikuwa Mtwa. Wapagazi wa Lugalo hawakupata mtu, na sasa tumechelewa. Wale walio hai bado hatujachelewa kwao.