Kawawa: Nyota wa sinema aliyeridhika na nafasi ya pili

WAKAZI wengi wa Songea, kuanzia Mshangano hadi Matarawe, humkumbuka hayati Rashidi Mfaume Kawawa kama mwanasiasa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kushika madaraka alikuwa mwigizaji mkuu katika filamu za Kiswahili.

Mzee Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika Songea ya wakati huo, eneo ambalo sasa limo wilayani Namtumbo. Baada ya masomo ya Tabora aliacha nafasi ya kwenda Makerere ili mshahara wake uwasomeshe wadogo zake, akaajiriwa serikalini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Tanganyika. Kawawa akapewa nafasi ya mbele. Katika Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, mtu wa shamba anaingia mjini na kukutana na hila zake. Aliigiza pia katika Chalo Amerudi.

Filamu hizo zilibeba mafunzo ya mtawala. Hata hivyo, watazamaji waliozoea mashujaa wa Ulaya na Marekani walimwona humo mtu wa kwao, akisema lugha yao na kuhangaika kama wao. Huo ndio uliokuwa mvuto wake.

Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, na pamoja nayo mshahara wa uhakika, ili awatumikie wafanyakazi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Januari 22, 1962. Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama cha TANU, naye Kawawa akakabidhiwa nchi iliyokuwa na wiki sita tu za uhuru. Wapo ambao wangekigeuza kiti hicho kuwa chao. Yeye aliiandaa Jamhuri, na Desemba 9 mwaka huohuo Nyerere akaapishwa kuwa Rais, Kawawa akiwa Makamu wake.

Baadaye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977, Waziri wa Ulinzi, kisha Katibu Mkuu wa CCM. Hakukosa lawama. Uhamishaji wa wananchi kwenda vijiji vya ujamaa ulifanyika akiwa Waziri Mkuu, na baadhi yao walihamishwa kwa nguvu.

Simba wa Vita, kama alivyojulikana, alifariki dunia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2009. Mtu aliyewahi kuwa nyota wa sinema alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kisiasa akisimama hatua moja nyuma ya Mwalimu, na hakuonekana kulijutia hilo.