Alikuja Gulu kwa miezi miwili, akazikwa huko baada ya miaka 35

WEWE unayesafiri kati ya Juba na Kampala, uwe na magunia ya vitunguu au unarudisha watoto nyumbani, mji wa Gulu unaujua. Viungani mwa mji huo ipo hospitali ya St. Mary's, ambayo wengi wetu twaiita Lacor. Uani mwake kuna makaburi ya madaktari watatu. Mmoja wao ni mwanamke wa Canada aliyefika pale mwaka 1961 akinuia kukaa miezi miwili tu.

Jina lake ni Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji.

Namkumbuka kwa sababu hapa Gumbo, ninakofundisha, mtu akiambiwa anahitaji kupasuliwa, jamaa zake hukaa kikao usiku huo huo. Je, avushwe daraja apelekwe Juba mjini, au apandishwe basi la Uganda? Wenye uwezo husimulia upasuaji wa kisasa wa matundu madogo, ambapo mgonjwa hurudi kwenye kibanda chake sokoni baada ya siku chache. Kisha huuliza ni lini mashine hizo zitafika kwetu. Ni swali la haki, na maisha ya Lucille yana sehemu ya jibu.

Alizaliwa Januari 30, 1929 huko Montreal, mtoto wa nne kati ya saba. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, masista waliokuwa wamehudumu China walitembelea shule yao, naye akaamua kuwa daktari. Alipata ufadhili wa masomo, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Montreal mwaka 1955. Enzi hizo wanawake wapasuaji nchini Canada walihesabika kwa vidole. Alipoomba nafasi ya kujiendeleza katika hospitali za Marekani alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke, hivyo akaenda Marseille, Ufaransa, kukamilisha mafunzo.

Kabla ya hapo, akiwa bado Montreal, alikuwa amekutana na daktari Mwitaliano, Piero Corti. Corti alitafuta mahali ambapo angejenga hospitali ya kuwahudumia maskini kwa kiwango cha juu. Alipata Lacor, kituo kidogo kilichoanzishwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959. Alihitaji mpasuaji. Hakuwa na mshahara wa kumpa Lucille, ila aliahidi kumlipia nauli ya ndege na sigara zake.

Lucille alikubali kuja kwa muda mfupi, ili kuanzisha huduma ya upasuaji. Lakini Desemba 5, 1961 wawili hao walifunga ndoa katika kanisa dogo la hospitali. Mwaka uliofuata, Uganda ilipopata uhuru, walijaliwa mtoto wa kike, Dominique. Waacholi walimwita Atim, jina la mtoto aliyezaliwa mbali na kwao. Sisi tuliolelea watoto uhamishoni twalielewa jina hilo bila kufafanuliwa.

Ratiba ya mama huyo haikubadilika kwa miaka mingi. Asubuhi aliwaona wagonjwa wa nje, kina mama na watoto kwa mamia. Mchana aliingia chumba cha upasuaji. Inakadiriwa kwamba alifanya zaidi ya operesheni 13,000 maishani mwake. Mpasuaji wa hospitali ya aina ile hachagui kiungo. Leo ni ngiri, kesho mama aliyeshindwa kujifungua, keshokutwa mfupa uliovunjika.

Kisha vita vikaja. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na alipong'olewa mwaka 1979 majeruhi walijaa Lacor. Baadaye mapigano mengine yalifuata kaskazini mwa Uganda. Lucille alitumia saa nyingi akitoa risasi na vipande vya mifupa kutoka katika majeraha. Mfupa uliopasuka una ncha kali kama kigae. Ulipenya glavu na kumkata vidole mara kwa mara, na damu ya mgonjwa ikakutana na yake.

Mwaka 1985 vipimo vilionyesha kwamba ana virusi vya Ukimwi. Dawa za kupunguza makali tunazozijua leo hazikuwapo. Wengi wangefunga mizigo siku hiyo. Yeye alirudi kazini, akaishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliwatunukia yeye na mumewe Tuzo ya Sasakawa.

Mwaka huo huo wa 1985, nchini Ujerumani, daktari Erich Mühe aliondoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa bila kulipasua tumbo lote. Hiyo ndiyo njia inayozungumziwa sasa hapa Gumbo. Tumbo hujazwa gesi ili kupata nafasi, kamera ndogo hupitishwa katika tundu moja na vyombo vyembamba katika mengine, huku daktari akitazama kwenye skrini. Mikono yake haiingii tumboni. Maumivu hupungua, kidonda huwa kidogo, na mgonjwa huruka siku nyingi za kulala wodini. Kwa mama muuza samaki ambaye siku asiyofungua biashara ndiyo siku watoto wanalala njaa, tofauti hiyo si anasa.

Hata hivyo, kamera haifanyi kazi peke yake. Inahitaji umeme usiokatika, vyombo vilivyotakaswa vizuri, na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Inahitaji pia mpasuaji anayeweza kulifungua tumbo kwa njia ya zamani mara mambo yanapoharibika. Asiyejua ya Lucille hawezi kuaminiwa na ya Mühe.

Hapo ndipo naona kazi kubwa zaidi ya mama huyo na mumewe. Walifundisha. Lacor ilipata shule ya wauguzi, na mwaka 1983 ilianza kupokea madaktari Waganda waliotoka vyuoni kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja wa hao wa mwanzo alikuwa Matthew Lukwiya, kijana wa Kiacholi. Mwaka 1989 waasi walipovamia hospitali wakitaka kuwachukua wauguzi, Lukwiya alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akarudi salama baada ya siku kadhaa. Baadaye alikuja kuiongoza hospitali.

Lucille alifariki Agosti 1, 1996 nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 67. Mwili wake ulirudishwa Lacor. Miaka minne baadaye Ebola iliingia Gulu. Lukwiya ndiye aliyeutambua ugonjwa huo mapema na kuwaongoza wauguzi kupambana nao, hadi ulipomuua Desemba 5, 2000. Alizikwa karibu na mwalimu wake. Corti aliwafuata mwaka 2003. Hospitali haikufa nao. Ikiwa na vitanda zaidi ya 450, inaendeshwa na Waganda wenyewe.

Mimi nilirudi hapa kutoka uhamishoni nikijiambia kwamba ni kwa muhula mmoja, nione hali ilivyo. Ninao wanafunzi wanaotaka udaktari. Walio hodari zaidi wataenda Kampala au Nairobi, nami ndiye huwaandikia barua za kuwaombea nafasi. Wakipata kazi huko, siwezi kuwalaumu kwa kutorudi mahali ambapo mshahara huchelewa na risasi zimewahi kulia.

Lakini jamaa wanapokaa kikao usiku kuamua mgonjwa apelekwe wapi, najua kinachokosekana si mashine tu. Mashine hununuliwa, ikapakiwa kwenye lori, ikafika Gumbo kwa siku chache kupitia Nimule. Daktari wa kuitumia, na wa kumfundisha mwingine, huchukua miaka. Lucille alikuja kwa miezi miwili akatoa 35, na kilichobaki baada yake kiliweza kusimama bila yeye.